Shangazi, hii ada ya chama inanirudishia nini mimi fundi?

Mwezi uliopita niliandika sentensi moja tu kwenye kona hii, kwamba fundi umeme mzuri anahitaji chama cha wafanyakazi kuliko fundi mbovu, basi mmenijia juu kweli kweli. Wengine mmeuliza kwa heshima, wengine mmenisema, zote nimesoma. Nimechagua barua chache zenye swali la maana, majina ya mafichoni mmejipa wenyewe.

Shikamoo shangazi. Mimi ni fundi umeme daraja la juu, leseni ninayo, nafunga paneli mwanzo mpaka mwisho bila kusimamiwa na bosi analijua hilo, pale saiti ananilipa kuliko wenzangu wote. Sasa ukisema fundi mzuri ndo anahitaji chama zaidi mimi sikuelewi kabisa. Nikitaka nyongeza naingia ofisini tunaongea nusu saa tunamaliza. Nikatwe ada ya nini? – Fundi Najiweza

Marahaba Najiweza. Kwanza hongera na sikutanii, mtu anayefunga paneli nyaya zikalala zimenyooka na kila waya una namba yake huyo ni fundi. Ila hebu tuiangalie hiyo nusu saa yako. Mnaongea nini humo? Nyongeza. Umeshawahi kumuuliza ukianguka kwenye ngazi ukavunjika mguu utalipwa kwa muda gani? Ukiitwa saa nane usiku kwamba jenereta limegoma, ovataimu inaanza kuhesabiwa ukitoka nyumbani au ukifika saiti? Mita ya kampuni ikiungulia mkononi mwako nani anakatwa? Na nani anaamua kwamba kazi ya watu wawili leo aifanye mmoja? Hayo yote hata ukimuuliza akakukubalia, amekukubalia kwa mdomo, na mdomo wa bosi hauna muhuri. Mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri unayaandika, na siku huyo bosi mliyezoeana akihamishwa akaja mwingine asiyekujua hata jina, karatasi iko palepale.

Kitu kingine ambacho nyie mafundi wazuri huwa hamkioni, bosi anakusikiliza kwa sababu leo kazi ipo na hana mtu wa kukuziba. Umeme wa majengo unaujua ulivyo, jengo likikabidhiwa mnatawanyika, unaanza kutafuta upya na huko unakoenda hakuna anayejua kwamba ulikuwa nyota. Kule Marekani chama cha mafundi umeme, IBEW, ambacho kilianzishwa St. Louis mwaka 1891, kwa upande wa ujenzi wamelitatua hivi: ukimaliza kazi unarudi kuandikisha jina kwenye tawi, kontrakta akihitaji watu anapiga simu tawini, mnapelekwa kwa kufuata orodha. Pensheni nayo hawakuiacha mikononi mwa kontrakta mmoja, wana mfuko wa pamoja ambao kontrakta aliyesaini makubaliano anauchangia 3% ya mishahara ya mafundi wake, kwa hiyo fundi akihama kampuni hii kwenda ile michango yake inaendelea kuingia kapu lilelile. Sio kila nchi ina mpangilio huo, lakini ndo aina ya kitu cha kuuliza kabla hujasema ada ni hasara.

Kuhusu pesa yenyewe maana najua ndo unachosubiri. Takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2023 zinaonyesha hivi, ukiwapanga wafanyakazi wa kutwa nzima wote kuanzia mshahara mdogo mpaka mkubwa ukamchukua wa katikati, mwanachama wa chama alikuwa na dola 1,263 kwa wiki na asiye mwanachama dola 1,090. Usikimbie na hiyo namba lakini. Ni ya kazi za kila aina sio umeme tu, na vyama vina nguvu zaidi kwenye maeneo na sekta ambazo tayari zinalipa vizuri, kwa hiyo tofauti yote sio kazi ya chama. Mtu akikuambia jiunge mshahara utapanda mara mbili huyo anakuuzia kitu.

Na kuna bei ya ustadi wako. Wewe umesota mpaka ukapata hilo daraja. Kama kesho mtu yeyote mwenye plaizi na bisibisi anaruhusiwa kuvuta nyaya kwenye jengo lilelile kwa nusu ya hela yako, daraja lako linabaki pambo la ukutani. Vyama vya mafundi umeme vimeng'ang'ania mafunzo kwa sababu hiyo hiyo. Huko huko Marekani mwanagenzi wa umeme wa majengo chini ya mpango wa IBEW na waajiri anakaa miaka 5, saa kama 8,000 kazini na juu yake masomo ya darasani, huku analipwa asilimia ya mshahara wa fundi kamili na asilimia inapanda kadiri anavyosogea. Sasa bosi akitaka kumtumia mwanagenzi kama fundi ili aokoe hela, mkataba unamuuliza yuko na fundi gani, na huyo mwanagenzi analindwa na wewe bei yako inalindwa, vyote kwa kifungu kimoja. Hilo huwezi kulipata kwenye nusu saa yako ofisini hata uwe mtamu wa maneno kiasi gani, maana unaomba kitu kinachohusu watu ambao hawapo humo ndani.

Shangazi shikamoo. Mimi ni dada, fundi, huu ni mwaka wa pili tangu nimalize mafunzo. Juzi msimamizi kaniambia niongeze breka mbili kwenye paneli ambayo ina moto, eti mteja hataki umeme ukatwe hata dakika tano. Nikasita, akasema kama unaogopa kaa nyumbani wapo wanaume wanaoitaka hii kazi. Nikafanya. Hakikutokea kitu ila mikono ilitetemeka mpaka jioni. Swali langu, chama kingenisaidia nini pale pale, maana viongozi wako ofisini na mimi niko mbele ya paneli? – Dada wa Paneli

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikairudia. Mikono yako ilitetemeka kwa sababu ina akili kuliko msimamizi wako.

Wacha niwaambie na wengine wanaosoma kwa nini. Umeme ukipita mwilini kwa kiwango cha miliampia 10 hivi kwenda juu, misuli inaweza kujikaza ukashindwa kuachia ulichoshika. Zile breka za umeme unaovuja za kumlinda mtu zinatengenezwa zikate kwenye miliampia 30, lakini wewe uko kwenye basibaa, ile mikanda ya chuma inayogawa umeme ndani ya paneli, yaani kabla umeme haujazifikia, hapo hazikujui. Na hata usipoguswa, bisibisi ikiteleza ikaunganisha fezi mbili kwenye paneli kubwa unapata mwako ambao joto lake linaweza kufika karibu nyuzi 19,000 za Selsiasi, uso wa jua wenyewe uko kama 5,500. Unaungua na hujagusa waya hata mmoja. Kwa dakika tano za mteja.

Kazi ile inavyotakiwa mnaijua ila naandika hivyo hivyo. Unazima, unafunga kufuli lako mwenyewe na ufunguo unaingia mfukoni mwako wewe, sio wa msimamizi, sio kwenye droo ya ofisi, mkiwa watu watatu yawe makufuli matatu. Unaning'iniza lebo yenye jina. Alafu unachukua tesa, unaijaribu kwanza mahali unapojua umeme upo, unakuja kupima paneli fezi kwa fezi, fezi kwa nyutro, fezi kwa ethi, alafu unairudisha tesa pale pale penye umeme uone kama bado inasoma. Hapo mwisho ndo watu wengi wanaruka, na tesa iliyokufa katikati ya kazi inakuambia hakuna umeme kwa uso mkavu kabisa. Panapohitajika unaweka ethi ya muda, na vilivyo jirani ambavyo havikuzimwa unavifunika. Ndo unashika bisibisi.

Sasa chama pale mbele ya paneli. Ni kweli katibu hatatokea na kofia ngumu kukushika mkono. Lakini angalia ulivyokuwa umesimama siku ile: wewe peke yako, mwanamke, mwaka wa pili, na neno ulilobakiwa nalo ni "naogopa". Ukiwa na mkataba wenye kifungu kinachosema hakuna kufunga wala kuongeza kitu kwenye paneli yenye moto, na hata kupima kuwe kwa kibali cha maandishi, hujaogopa tena, unasema kifungu hakiruhusu, nisainie kibali. Utashangaa wasimamizi wanavyoogopa kusaini. Pili, chama kinachofanya kazi kinakuwa na mwakilishi wa usalama hapo hapo saiti, mwenzenu mmoja, unampigia simu anashuka kutoka ghorofa ya juu dakika hiyo hiyo. Tatu ni kesho yake, wakikuambia usije tena. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 13, unasema mfanyakazi aliyejiondoa mahali ambapo ana sababu ya msingi kuamini pana hatari kubwa ya papo kwa papo kwa uhai au afya yake alindwe asipate madhara asiyostahili kwa kufanya hivyo, na mwaka 2022 shirika hilo likauingiza mkataba huo kwenye mikataba yake ya msingi. Maneno mazuri. Ila karatasi ya Geneva, huko yaliko makao ya shirika hilo, haitembei yenyewe mpaka kwa msimamizi wako, lazima awepo mtu mwenye kazi ya kuipeleka, na hiyo kazi ndo unayoilipia ada.

Na hili la wapo wanaume, usilibebe moyoni sana. Ungekuwa mwanaume angekuambia wapo wengine. Hiyo sentensi ni ya zamani kuliko mimi na wewe. Rais wa kwanza wa chama kile nilichokitaja cha St. Louis, Henry Miller, alikuwa fundi wa laini, alizunguka miji akiandikisha wenzake huku anapanda nguzo ili apate kula, na mwaka 1896 akiwa kazini Washington akapigwa umeme juu ya nguzo akaanguka akafariki. Aliyewahi kuwa rais wa chama huyo. Kwa hiyo wanaposema vyama vya mafundi umeme vilianza kwa sababu ya mishahara wanasema nusu, walikuwa wanazikana.

Habari shangazi, swali fupi. Nimeitwa na HR Jumatatu "tuongee" kuhusu waya uliopotea stoo. Sijaiba. Niende tu? – Msafi

Nenda lakini usiende peke yako kama kuna namna. Kama ni mwanachama mwambie mwakilishi wako leo, sio Jumatatu asubuhi, na ombeni barua inayosema unaitwa kwa lipi, maana "tuongee" sio tuhuma. Kule Marekani tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu mwaka 1975 mfanyakazi aliye chini ya chama ana haki ya kuomba mwakilishi kwenye mahojiano anayoona yanaweza kumletea adhabu, na lazima aombe mwenyewe, hawamkumbushi. Kwenu angalia sheria ya kazi na mkataba wenu unasemaje. Mwakilishi haendi kugombana humo ndani, kazi yake kubwa ni kuandika kilichosemwa na kukukanyaga mguu ukianza kuongea sana. Watu wasafi ndo wanaoongea sana. Na usisaini kitu ambacho hujakisoma.

Shangazi mambo. Mimi najitegemea, sina bosi, leo niko kwa kontrakta huyu kesho yule, saa nyingine napewa kazi nzima kama sabkontrakta. Nasikia vyama ni vya walioajiriwa tu. Sisi deiwaka tufanyeje? – Mtembezi

Poa mwanangu. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1948 unawapa wafanyakazi haki ya kuunda na kujiunga na chama bila ubaguzi wa aina yoyote, na kamati za shirika hilo zimesema mara nyingi tu kwamba hata waliojiajiri wamo. Sheria za nchi nyingine ni finyu kuliko hapo, zinamtambua aliyeajiriwa peke yake, kwa hiyo swali la kwanza ni sheria ya kwenu na la pili ni katiba ya chama chenyewe inapokea nani.

Ila na wewe jiulize vizuri kama kweli huna bosi. Kama kontrakta ndo anakupangia saa ya kufika, anakupa vifaa, anakuambia uvute waya hivi usivute vile, na mwisho wa wiki analipa siku ulizokuja, huyo ni bosi hata mkataba ukikuita sabkontrakta kwa herufi kubwa. Wengi wanaitwa hivyo ili ukiumia iwe shauri yako. Hapo chama au afisa kazi anaweza kukusaidia kudai utambuliwe mwajiriwa na kuna watu wameshinda kesi za namna hii.

Kama kweli unajitegemea mfano wa kuangalia ni wa India, wanawake wa Ahmedabad waliojiajiri, wachuuzi, wabeba mizigo, washonaji wa majumbani, walipotaka kusajili chama chao cha SEWA mwaka 1972 waliambiwa hawana mwajiri, watapambana na nani? Wakasema umoja wenyewe ndo faida, sio lazima uwe na wa kupambana naye, na mwaka huo huo wakasajiliwa. Kwa fundi wa aina yako kundi kama hilo linaweza kununua bima kwa bei ya wengi, mkakopeshana mita ya kupimia insulesheni ambayo mmoja hawezi kuinunua, na mkakubaliana bei ya chini ya pointi moja ya taa ili mwenye nyumba asiwazungushe, huyu kasema hivi yule kasema vile, ingawa hapo kwenye bei muulizeni kwanza mwanasheria maana sehemu nyingine waliojiajiri kupanga bei kwa pamoja ni kosa la ushindani.

Shangazi mimi sitaki mambo ya migomo. Nina watoto. Nikijiunga si nitalazimishwa kugoma kila mwezi? – Baba Watatu

Hapana. Migomo ndo inayoonekana kwenye habari, mikataba inayosainiwa kimya kimya hakuna anayeipiga picha. Na sehemu nyingi mgomo una hatua zake, majadiliano, usuluhishi, kura ya siri, na mwenye kupiga kura ni wewe. Mafundi umeme wa ujenzi wa Marekani na makontrakta wao walianzisha baraza lao mwaka 1920, pande mbili zina wajumbe sawa sawa, ugomvi wa mkataba ukishindikana chini unapelekwa huko na uamuzi lazima wakubaliane wote. Mpaka leo linaendelea. Kwa kazi ambayo saiti ikisimama siku moja kila mtu anaumia, naona walifikiri vizuri.

Lakini sitakudanganya kwamba mgomo hauna kazi. Agosti 1980 huko Gdańsk, Poland, uwanja wa kutengeneza meli ulimfukuza mwendesha kreni Anna Walentynowicz ikiwa imebaki miezi tu astaafu, wenzake wakaweka zana chini, na aliyekuja kuwaongoza alikuwa fundi umeme aliyeshafukuzwa hapo hapo mwaka 1976, Lech Wałęsa. Walikuwa na madai 21. La kwanza kabisa, kabla ya mshahara, lilikuwa vyama huru vya wafanyakazi, na walitaja ule mkataba namba 87 niliomwambia Mtembezi hapo juu. Tarehe 31 Agosti serikali ikasaini. Na yeye Wałęsa alikuwa baba wa watoto wengi kuliko wewe, kwa hiyo hilo la watoto linakata pande zote mbili.

Shangazi umeisifia sana hii habari. Chama chetu tunakatwa kila mwezi toka kwenye mshahara na sijawahi kumuona kiongozi saiti, wanaonekana siku ya sherehe wamevaa tisheti mpya. Tujitoe? – Mkatwaji

Nilikuwa naisubiri hii na umeiandika vizuri. Vyama vya hivyo vipo, tena vingi, na pale ambapo ada inakatwa moja kwa moja kwenye mshahara ndo ugonjwa unapoingilia, maana kiongozi anapata hela bila kukutafuta, akikuudhi hela inakuja, akilala hela inakuja. Kuna nilipowahi kufanya kazi tawi letu lilikuwa na katibu ambaye mafundi wa zamu ya usiku walikuwa wanamjua kwa sauti ya simu tu.

Kujitoa ni haki yako, sheria za sehemu nyingi zinakuruhusu, ingawa pengine utaendelea kukatwa ada fulani hata usipokuwa mwanachama kwa sababu mkataba wa pamoja unakuhusu, ulizia hilo kabla hujaandika barua. Ila kabla ya kujitoa waombe vitu viwili kwa maandishi. Nakala ya mkataba wa pamoja wenyewe, wote, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi wa hesabu iliyosomwa kwenye mkutano. Mwanachama anayeomba karatasi anatisha kuliko anayepiga kelele. Wakikupa mkataba, usome na kalamu, utakuta kuna posho au vifaa vya kinga mnavyostahili na hakuna aliyewahi kuvidai, hiyo mara nyingi inatokea. Wakikataa kukupa, basi umeshapata jibu kuhusu viongozi hao, na katiba ya chama itakuwa na namna ya kuitisha mkutano wa tawi kwa saini za wanachama idadi kadhaa, angalia ni wangapi.

Alafu muda wa uchaguzi wa tawi. Mafundi umeme tuna tabia moja mbaya, siku ya uchaguzi tuko juu ya dari tunavuta waya, anachaguliwa aliyekuwepo. Muulize katibu tarehe, na akisema bado haijapangwa muulize ya mara ya mwisho ilikuwa lini.